Mtoto wa Maombi

Juzi nilipita kwenye vibanda vya mafundi wa nguo nyuma ya soko. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, na fundi mmoja alikuwa ametoa pasi ya makaa. Alinyunyizia maji kitambaa cheupe, pasi ikapita juu yake, ukapanda ule mvuke wenye harufu ya moshi, pamba na sabuni ya kipande. Nilisimama. Fundi alidhani nina nguo ya kurekebisha, akaniuliza, "Madam, tukusaidie?" Nikamwambia hapana, lakini nikaendelea kusimama pale kama mjinga. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya Jumamosi jioni. Na Jumamosi jioni, tangu nikiwa na miaka kumi hivi, nilikuwa naiogopa Jumapili ya kesho yake.

Tuliishi Huruma, hapa hapa Eldoret, kwenye nyumba ya mabati ambayo mwezi wa saba ilikuwa baridi mpaka mafuta ya nywele yanaganda kwenye kopo. Baba alitoka kule ziwani kuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kwa sababu ya shifti alikuwa mtu wa kusinzia popote alipoketi. Mama alikuwa fundi wa kushona. Ndiye aliyewashonea kina mama wote wa kanisa letu vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, na kila Jumamosi walivileta avipige pasi, maana hakuamini kwamba mwanamke mwingine yeyote anajua kupiga pasi. Hakutaka mtu asimame mbele za Mungu na mikunjo.

Nyumbani kwetu mgeni hakuondoka bila maombi. Mnaijua desturi hiyo. Mgeni amekula, ameshiba, ameaga mara ya kwanza, ameaga mara ya pili, kisha mwenye nyumba anasema, "Basi tufunge na maombi," na macho yote yanamgeukia mtoto. Kwetu mtoto huyo alikuwa mimi. Nilikuwa na sikio jepesi, na maombi ya watu wazima yana mdundo wake, ukishaushika unakupeleka wenyewe. Nilijua pa kushusha sauti na pa kuipandisha. Nilijua kuomba wageni wawe kichwa wala si mkia, na wakipanda gari Bwana mwenyewe awe dereva. Nilikuwa naomba mpaka chai iliyobaki vikombeni inashika utando. Wageni walifumbua macho wakipangusa machozi, wakamwambia Mama, "Huyu wako ako na kitu." Mama alikuwa akiangalia chini kwa heshima, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka.

Sasa niwaambie kilichotokea, na nitajaribu kukisema bila kukiongezea chumvi. Siku moja, katikati ya maombi hayo, nilifumbua macho. Sikuwa na sababu. Nilimwona Baba amelala kabisa, kidevu kifuani. Nilimwona Mama midomo inacheza. Nzi alikuwa anatembea kwenye ukingo wa bakuli la sukari. Nikajiuliza, sasa mimi naongea na nani? Nikanyamaza nisikilize. Nilitegemea kuogopa, kwa sababu tulifundishwa kwamba mawazo ya namna hiyo yanakuja na radi, lakini sikuogopa. Palikuwa kimya tu. Na katika kimya kile wageni wakaanza kunong'ona, "Ndio, Bwana... ndio, Bwana," wakidhani nimeguswa na Roho. Ikabidi nimalizie. Kimya kile kilinipa sifa kuliko maneno yote niliyowahi kusema, na tangu siku ile nikaanza kuitwa mtoto wa maombi hata na watu tusiojuana.

Hapo ndipo nilipokwama. Mtoto asiyejua kuomba huachwa. Mtoto anayejua hawezi kuachwa, na mimi nilijua sana. Nikiugua, waliniambia adui anapigana na kipawa changu. Nikikataa, walisema nina haya, na haya ni dalili ya neema. Nilijaribu kuomba vibaya kwa makusudi, maombi mafupi ya mtoto wa chekechea, na Pasta akasema kwamba huo ndio ukomavu. Nilikuwa nimefungwa, na kila nikijinyonganyonga kutoka, kamba inazidi kukaza.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Chebet. Tulikalia dawati moja shuleni. Kwao hasa ni Ziwa, mji mdogo nje ya Eldoret, walikokuwa na shamba la mahindi na ng'ombe, lakini mama yake alikuwa amepanga nyumba mstari wetu ili auze maziwa mjini. Ijumaa moja Chebet alishikwa na tumbo darasani, akakunjika, akabebwa mgongoni na mwalimu. Ilikuwa apendiksi. Mchana ule ule, nikiwa nimetoka shule, Mama Chebet alitokea mlangoni petu mbio kutoka hospitali, amekuja kuchukua blanketi, leso imemteleza kichwani, na viatu vyake vya plastiki vimejaa matope mekundu ya barabara yetu.

"Mama Atieno," alimwambia Mama, "wanampeleka theatre saa hii. Nipee huyu mtoto aniombee kidogo tu, halafu nirudi."

Alinishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa inanuka maziwa. Mimi nilikuwa nampenda Chebet kuliko mtu yeyote asiye wa nyumba yetu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yale maneno yangu matamu hayastahili kusemwa juu yake kama hakuna anayeyapokea. Nikasema, "Mama Chebet, mimi sijui kama kuna mtu ananisikianga."

Yule mama akaangua kilio. "Ona!" akamwambia Mama. "Ona mtoto mnyenyekevu! Mtumishi wa kweli hajivuni. Omba, mtoto wangu, omba tu hivyo hivyo."

Ningefanya nini? Niliomba. Niliomba mpaka akaacha kulia, akachukua blanketi lake, akaenda. Na Chebet akapona. Alipasuliwa vizuri na daktari mmoja ambaye hakuna aliyemtaja tena, na kesho yake habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima kwamba mtoto wa Mama Atieno ameomba na Mungu amejibu. Mchana Pasta alituma neno kwamba Jumapili nisimame nitoe ushuhuda.

Ndiyo nikafika ile Jumamosi jioni yenyewe. Mama alikuwa amerundika vitambaa vyeupe mezani, pasi imekolea. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyunyiza maji na kukunja. Hakuniangalia alipouliza.

"Lile neno ulimwambia Mama Chebet. Halikuwa unyenyekevu."

"Hapana, Mama."

"Unajua kwamba Mungu hayuko?"

Nilifikiri sana, kwa sababu Mama hakupenda majibu ya haraka. "Sijui," nikasema. "Hakuna mahali nimemwona, na hakuna mahali nimeona kwamba hayuko. Sijui."

"Na unaamini yuko?"

"Hapana. Siamini."

Alisimamisha pasi, akaipuliza majivu ubavuni, akairudisha juu ya kitambaa. Hakuunguza kitu. Mama hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Alipiga kile kitambaa mpaka kikanyooka, akanipa nikunje, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ya kwanza nimeisikia. Mtu asiyejua, siku moja anaweza kujua, na mimi nitangoja. Hiyo ya pili sijaisikia. Na wewe hujaisema. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nilikubali kama mtoto anavyokubali, kwa kichwa.

Kesho yake kanisa lilijaa. Kwetu ushuhuda una mlango wake wa kuingilia, nao kila mtu anaujua tangu utotoni. Unasimama, unasema "Bwana asifiwe," unaitikiwa. Unasema "Tena asifiwe," unaitikiwa. Kisha unataja jina lako na kwamba umeokoka na unampenda Bwana kama mwokozi wako wa kibinafsi. Ukishapita hapo, sema utakalo. Kabla ya hapo hujasema kitu. Niliitwa. Nikatembea hadi mbele nikiwa na soksi mpya. Kina mama wote walikuwa wamevaa vile vitambaa nilivyokunja mwenyewe, safu nyeupe isiyo na mkunjo hata mmoja, na wote walikuwa wananitabasamia.

Nikasema, "Mimi naitwa Atieno. Chebet alikuwa mgonjwa na sasa amepona. Nimefurahi sana."

Nikanyamaza.

Watu walingoja. Mwanamume mmoja nyuma akasema "Amina?" kama anayeuliza. Pasta aliinama kidogo kuelekea kwangu na kunipa neno la kuanzia, "Bwana..." Nilimwangalia tu. Sikuwa nafanya ujeuri. Nilikuwa nimetafuta ndani yangu jambo moja la kweli la kusema mbele ya wale watu, nikalipata, nikalisema, na hapakuwa na lingine. Nikaanza kusikia mbao za viti zikilia, watu wakigeuka kuangaliana.

Ndipo pale katikati ya ile safu nyeupe Mama akasimama akaanzisha pambio. Mama hakuwa mwimbaji, na alianza juu mno, sauti ikampasuka kabla ya mstari wa pili. Lakini alipiga makofi kwa nguvu, akasukuma mbele, wenzake wakamdaka, ngoma ikaingia, na kabla sijajua kanisa zima lilikuwa linaruka na mimi nimebebwa mikononi mwa Mama Chebet, nabusiwa mashavuni. Wakasema nilizidiwa na Roho nikakosa maneno. Nilikuwa nimefika kabisa kwenye mlango wa kutokea kifungoni, nikauona mwanga, na ni mama yangu mzazi aliyeurudisha ule mlango ukajifunga.

Nilimkasirikia kwa miaka mingi. Nimeshakuwa mtu mzima, nafundisha hesabu hapa mjini, na bado naishi ndani ya mapatano yale ya pasi. Nilipokwenda chuo kikuu nikakutana na Kiingereza kilichokuwa na neno la kila jibu langu, agnostic kwa asiyejua na atheist kwa asiyeamini. Wenzangu wachache waliopenda mabishano wakaniambia nichague upande mmoja. Sikuona cha kuchagua. Nilishaulizwa maswali mawili nikiwa na miaka kumi na mmoja, na fundi wa nguo, na nikatoa majibu mawili. Kila moja ni la swali lake.

Kuyajua majina hakukunifungua. Mkutano wa walimu unaanza na maombi: "Madam Atieno, tufungulie." Nikialikwa Elgon View, mtaa wa wenye nazo, kwa mwenzangu aliyejenga, chakula hakiguswi mpaka mtu aombe, na mgeni ndiye huombwa. Jibu langu limekuwa koo baya tangu nianze kazi. Sijamdanganya mtu kwamba naamini, ila sijamwambia mtu kwamba siamini, na kati ya hayo mawili pana chumba kidogo sana cha kukaa. Harusini, matangani, kwenye Krismasi zetu, Mama alikuwa akiwahi kabla sijaulizwa: "Mwacheni huyo, koo linamsumbua. Mimi nitaomba." Nikawa nasema moyoni, anaogopa watu. Anaogopa wale wenzake wa vitambaa vyeupe. Nilimwonea uchungu, na pia nilimdharau kidogo.

Baba alishatutoka, na sasa Mama anaishi na mimi. Macho yamechoka, hashoni tena. Mwezi uliopita tulikuwa nje uani tunaambua maharagwe, jua zuri la baada ya mvua, mimi na yeye tu. Akauliza bila kuinua kichwa, "Lile neno lingine, bado unalo?"

Hakuwahi kulitaja tangu siku ile. Nikajua ni lipi. "Bado ninalo, Mama."

Aliambua ganda lingine, akasema, "Wanasema huko mbinguni hakuna kulia. Kila chozi linapanguswa. Sasa mimi nikifika nikuangalie nisikuone, na kulia hairuhusiwi, nitafanya nini?"

Hakuwa ananihubiria. Alikuwa anauliza, vile mtu anauliza njia.

Basi ndiyo nikaelewa, nikiwa na mvi zangu, kitu ambacho mtoto yule mbele ya kanisa hangeweza kukielewa. Mimi nilikuwa nimefungwa na watu, na watu huzoeleka. Mama alikuwa amefungwa na milele. Tangu alipokuwa na pasi mkononi alijua mimi siamini, akaamka na jambo hilo kila asubuhi, akalala nalo, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana kumwambia mtu kungekuwa kuniuza. Lile pambio lililompasuka halikuwa la kina mama wale. Alikuwa anamwimbia Mungu wake kwa sauti kubwa ili Mungu huyo asisikie nilichoacha kusema.

Na mimi, ambaye nilikuwa naweza kuwaombea wageni mpaka chai ikashika utando, sikuwa na neno la kumpa. Nilijaribu. Mnaweza kunicheka, lakini niliweka maharagwe chini, nikafumba macho pale uani, nikajaribu kwa nguvu zangu zote kuamini, kwa ajili yake tu, hata kwa mchana ule mmoja. Nilipofumbua, Mama alikuwa ananiangalia. Alikuwa ameshajua kwamba imeshindikana.