Ua la Sebuleni Lililopenda Jua

Miaka ile mitumba ilipojaa sokoni na kila mtu pale Moshi akawa na shemeji anayeuza kitu kutoka nje, wenzangu walinunua redio kaseti, friji, na wengine televisheni. Mimi nilinunua ua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Makochi mapya nilikwisha kuyapata, nayo nilikuwa nimeyaacha ndani ya nailoni zake yasichafuke, hivi kwamba mgeni akikaa yalilia kama bata. Mapazia nilishona mazito, ya rangi ya damu ya mzee, ili jua lisipaushe makochi. Kwa maoni yangu ya wakati ule, sebule ya mtu aliyeendelea ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu: kitu cha kijani pembeni.

Mama mmoja alikuwa amefungua duka la maua ya ndani karibu na stendi. Lilikuwa jambo geni. Sisi watu wa mlimani, ambao mbegu ikituponyoka mlangoni tunakuta imeota kabla hatujaitafuta, tulikuwa tumeanza kununua majani. Lakini yeye alivaa miwani ya jua akiwa ndani ya duka, nami nikamwamini.

Ua lenyewe halikuwa na majani ya maana. Lilikuwa rundo la vijiti vya kijani, vya mviringo, vimepandiana kama penseli za darasa la kwanza. Lilikaa ndani ya chungu cheupe chenye kibandiko cha lugha ambayo mimi na yule mama sote hatukuijua.

"Limetoka Uholanzi," akaniambia. "Kwa ndege."

"Linatunzwaje?"

"Linapenda jua, mwalimu. Jua, jua, jua. Maji kidogo sana. Na halipendi kushikwashikwa."

"Kwa nini?"

Akafikiri kidogo. "Ndivyo lilivyozoea huko kwao."

Nilipofika nalo nyumbani nilimkuta mume wangu kwenye kochi, akilia kama bata kila alipogeuka. Alikuwa karani wa kahawa kwa miaka mingi, mpaka siku walipoitwa yeye na wenzake chumbani wakaambiwa kwamba soko sasa ni huria, na wao pia wako huru. Tangu hapo alikuwa huru kuanzia asubuhi hadi jioni. Alilitazama ua kwa muda mrefu.

"Hili mbona nimewahi kuliona mahali?" akasema.

"Uliwahi kufika Uholanzi?"

Akageukia upande wa pili, kochi likalia.

Taabu ikaanza siku ileile. Ua linataka jua, makochi hayataki. Nikifungua pazia, nawaza kitambaa kinachopauka; nikifunga, nawaza ua linalokufa. Nilitafuta njia kwa siku mbili, kisha nikampa kazi mume wangu. Asubuhi alibeba chungu hadi chumba cha kulala, kwenye dirisha la mashariki. Saa sita alikipeleka barazani. Alasiri alikihamishia jikoni, ambako jua la magharibi linaingia, na jioni alikirudisha sebuleni kabla wageni hawajaja. Alifanya hivyo bila manung'uniko, tena kwa saa kamili, maana ukarani ulikuwa bado haujamtoka. Nilikuta hata ameweka alama za chaki sakafuni kuonyesha jua linafika wapi saa ngapi.

"Leo limepata saa tano na nusu," alikuwa akiniripotia nikirudi shuleni.

Namwona sasa, mtu mzima aliyevaa shati lililopigwa pasi, akilifuata jua kutoka chumba hadi chumba na chungu mikononi, nami namwonea huruma. Wakati ule nilimwambia asikishike kwa juu.

Julai ikaja. Aliyekaa Moshi anajua Julai yetu: mawingu yanashuka mlimani yanakaa juu ya bati, na unaweza kumaliza wiki nzima hujaona kivuli chako. Ua likanyong'onyea. Vijiti vikawa virefu, vyembamba, vya rangi ya chai ya maziwa. Nikaenda dukani kuuliza. Yule mama akasema niliwekee balbu ya wati mia moja kwa juu. Tukaiweka. Siku ya tatu ukaanza mgao wa umeme. Tukawa tunakaa gizani sote, ua na wenye nyumba, tukisubiri jua la bure kutoka kwa Mungu.

Wakati huohuo kina mama wa jumuiya yetu ya sala walikuwa wakilipenda vibaya. Kila aliyekuja aliuliza jina lake. Kwa kuwa sikulijua, nilisema ni la Kiholanzi na ni gumu kulitamka. Mmoja, kwa wema wake, alilimwagia soda iliyobaki kwenye glasi.

Agosti mwishoni jua likarudi, na ua likarudi nalo kwa fujo. Likatoa matawi kila upande mpaka likaziba televisheni, ambayo nayo tulikuwa tumekwisha kuinunua ili tusiachwe nyuma. Jumapili moja baada ya ibada mume wangu alikuwa akiangalia mpira. Nusu ya uwanja ilikuwa nyuma ya vijiti. Alivumilia kipindi cha kwanza. Cha pili akainuka, akashika tawi moja, akalivunja.

Lilitoa maziwa. Meupe, mazito, yanachuruzika. Akacheka, akaniita nije nione, halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya jasho likimwingia machoni: akajifuta jicho kwa mkono uleule.

Sijapata kumsikia mwanamume mzima akilia namna ile. Alianguka kwenye kochi, akajiviringisha kwenye nailoni, akasema jicho limetiwa kaa la moto. Nikamwaga maji ya mtungi mzima usoni kwake, juu ya makochi yangu mapya. Jirani akaingia mbio, akatazama, akatoa ushauri kwamba dawa ni maziwa ya mama anayenyonyesha, na kwamba binti yake amejifungua juzi, amwite?

"Bora nipofuke!" mume wangu akapiga kelele. Alikuwa mzee wa kanisa.

Hospitali waliliosha jicho kwa maji mengi, wakaweka dawa na kulifunga. Muuguzi alituuliza kilichomwingia ni nini.

"Ua," nikasema. "La Uholanzi."

Akaandika.

Siku ya nne akaja mama mkwe wangu kutoka Machame kumjulia hali mwanawe. Alikuja na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitikia marahaba huku akimshika mwanawe kidevu na kukigeuza huku na huku.

"Umeumizwa na nini?"

Mume wangu akaonyesha kwa kidole. Mama mkwe akageuka. Alikuwa na shamba la mahindi kule chini, upande wa Mabogini, alilokuwa akiliteremkia kila msimu tangu ujana wake. Akalisogelea ua, akainama, hakuligusa.

"Mwalimu," akaniambia taratibu, "nani amewaletea mnyaa ndani ya nyumba?"

"Mnyaa?"

"Mnyaa. Kule chini ndio ua wa kila boma. Mbuzi wenyewe hawauli. Watoto tunawachapa wakiuchezea." Akakigongagonga chungu cheupe kwa ukucha. "Na huu umenunua?"

Mume wangu, jicho moja limefungwa, alianza kucheka. Alicheka mpaka nailoni ikalia, na mama mkwe naye akaanza, wakashikana mikono. Nilikwenda jikoni nikasimama pale nikikasirika, kisha peke yangu, mbele ya sufuria, nikacheka.

Jicho lilipona baada ya wiki mbili. Jioni hiyohiyo bandeji ilipotolewa nilifungua mapazia yote, tukatoa mnyaa nje tukaupanda kando ya lango, tukiwa tumevaa glovu za mpira kama madaktari. Nikakata na nailoni za makochi. Mume wangu alikaa kwenye kochi kimya, bila mlio wowote, akaniambia, "Kumbe ni laini."

Kina mama wa sala hawakufurahi. Mmoja wao, mwalimu mwenzangu, alinifuata ofisini akaomba nimwelekeze duka. Nikaona nimwambie ukweli wote: kwamba ni mnyaa, kwamba utomvu wake nusura umpofushe mume wangu, kwamba kule Mabogini ni uzio wa mbuzi tu. Alinisikiliza hadi mwisho, ametulia, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Kama hutaki wenzako tupate," akasema, "sema tu, mwalimu."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu. Hakucheka safari hii. Aliniuliza kama bado nina chaki, na kama kwenye stoo kuna makopo matupu ya mafuta ya kupikia. Kesho yake alipanda gari la Mabogini na panga na glovu, akarudi jua likiwa bado kali na gunia la vipandikizi, amevaa shati lililopigwa pasi. Kila kopo aliliandika kwa chaki, kwa mwandiko wake mzuri wa karani: MNYAA. USIGUSE MAZIWA YAKE. UWEKE JUANI.

Yule mwalimu alikuja Jumamosi, akachagua kopo kubwa kuliko yote, na kabla hajatoka langoni akatoa leso yake, akafuta neno la kwanza.