Kanda za Mama Mkubwa Tatu

Juzi nilikuwa Msimbazi, mbele ya meza ya vijana wanaouza makava ya simu, nikasikia sauti ya Mama Mkubwa wangu ikitoka kwenye spika. Ndiye dada wa mama yangu aliyenilea, na ni marehemu siku nyingi. Sauti yake huanza na mkwaruzo, kama ya mtu aliyetoka kupuliza kuni, halafu inafunguka. Siwezi kuikosea hata usingizini.

Vijana wenyewe walikuwa wanabishana ni msanii gani wa Bongo aliyerekodi nyimbo nyingi kuliko wote. Mmoja alimtetea wa siku hizi, mwenzake kashikilia wa zamani, na huyo ndiye aliyeweka wimbo.

"Huyu mzee ni habari nyingine, oya! Nyimbo kibao, zote zimo humu," alisema, akigonga kioo cha simu.

Nikamwuliza ni mzee gani. Akanigeuzia simu nisome mwenyewe. Bakari Njiwa.

"Lakini anayeimba ni mwanamke," nikasema.

"Huyo anaitikia tu, mama. Si unaona simu ilivyoandika?"

Nilitamani kuitupa ile simu mtaroni. Nakwambia ukweli msomaji wangu, mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini hasira ya jambo hili ninayo tangu wazazi wa wale vijana hawajajuana. Na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, chumba kimoja na ukumbi, na Mama Mkubwa alikaanga vitumbua uani kila alfajiri huku akiimba. Zamani yake alikuwa mwimbaji. Kwa miaka mingi alitunga na kuimba katika bendi ya Bakari Njiwa, ambaye alipiga gita na ndiye mwenye vyombo. Kwa kuwa vyombo vilikuwa vyake, kila kilichotoka kwenye vyombo hivyo kikaitwa chake. Bendi ilipovunjika, Mama Mkubwa alitoka na bati la biskuti lililojaa kanda, basi.

Kanda zile hazikuandikwa kitu. Kila moja aliifunga uzi kwenye tundu lake. Uzi mwekundu, nyimbo alizotunga mwaka aliofiwa na mume. Kijani, za harusi. Mweusi wenye mafundo mawili, wimbo mmoja tu ambao hakutaka tuuguse. Alikuwa akipapasa nyuzi bila hata kutazama, anatoa anayoitaka. Nikimwuliza kwa nini asiandike majina kama watu wengine, alinijibu kwamba miwani yake hajui ameiweka wapi.

Mtaa wa pili palikuwa na duka la Mzee Sudi, aliyekuwa akinakili kanda. Nje ya duka palikuwa na benchi na muuza kahawa, na baada ya alasiri wanaume walijazana hapo kubishana. Wiki ile ubishi ulikuwa huohuo: nani amerekodi nyimbo nyingi, Bakari Njiwa au hasimu wake Makame wa Gita? Walibishana mpaka mate yakaingia kwenye vikombe vya wenzao. Kijiwe kilikuwa na sheria yake. Wimbo hauhesabiwi mpaka kanda iwekwe kwenye benchi na jina lililoandikwa juu yake lisomwe kwa sauti. Kanda isiyo na jina haikuwa ushahidi.

Mimi nilikuwa nimekwenda kununua kashata. Sijui shetani gani alinishika, nikasema, "Shikamooni. Mama Mkubwa wangu amewapita wote hao."

Walicheka, mmoja akapaliwa na kahawa. Mzee Sudi hakucheka sana. Aliniambia, "Marahaba binti. Kalete ushahidi."

Nikakimbia nyumbani. Mama Mkubwa alikuwa amekwenda msibani Magomeni. Nikabeba bati lote.

Sudi aliweka kanda ya kwanza kwenye redio. Sauti ya Mama Mkubwa ilipotoka, hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Nilisikia fahari mpaka masikio yakawa ya moto. Sudi aliniambia nimwachie bati mpaka kesho azisikilize zote na kuzinakili, halafu aziandike vizuri zisipotee. Nikaona heshima gani tena kubwa kuliko hiyo?

Kesho yake nilipotoka shule nikakuta kila kanda ina karatasi mpya na maandishi ya wino wa buluu, yamelala sawasawa. Sudi alikuwa na hati nzuri kweli, afadhali ingekuwa mbaya. Nyuzi alikuwa amezikata zote, eti zingenasa kwenye redio. Wafuasi wa Njiwa walikuwa wanapongezana na kunipa kashata za bure. Nikazila zote. Nikadhani wanampongeza Mama Mkubwa.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amekwisha kulikosa bati. Hakugomba. Alipeleka vidole kwenye kanda akatafuta nyuzi, akatafuta tena. Kisha akanipa moja.

"Miwani yangu sijui iko wapi. Hebu nisomee."

"Bakari Njiwa," nikasoma, kwa ile sauti ya kusomea mbele ya darasa.

"Na hii?"

"Bakari Njiwa."

Alinipa zote, moja moja, na zote nilimsomea. Nilikuwa najivuna kwa kuwa sikukwama hata mara moja. Ilipokwisha ya mwisho alifunika bati.

"Umesoma vizuri, mwanangu," alisema.

Tangu siku ile hakulifungua tena, maana hakujua tena ipi ni ipi. Na vitumbua akawa anavikaanga kimya.

Nilimaliza shule, nikaolewa, nikazaa, ndipo nikapanga vitu vyake baada ya mazishi. Nilipekua sanduku, kabati, chini ya godoro. Miwani haikuwepo. Haikuwahi kuwepo; Mama Mkubwa hakujua kusoma. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Niliwakasirikia Njiwa kwa vyombo vyake, na wale wanaume waliomsikia kwa masikio yao wakaamini karatasi. Sudi ndiye nilimkasirikia zaidi, kwa sababu nakala zake ndizo zilizosambaa mjini hadi zikafika kwenye simu ya yule kijana. Halafu nikajikumbuka mimi mwenyewe. Kila siku ya Mungu nilirudi nyumbani na mkoba wenye kalamu na penseli, nikakaa kando ya lile bati kufanya kazi za shule. Niliandika nahau, niliandika majina ya mito na ya wilaya, jina lake hata mara moja sikuliandika.

Yule kijana wa makava nilimwambia atoe kalamu. Akasema hana, siku hizi nani anatembea na kalamu. Ninayo mimi, nikamwambia, na nikaandika kwenye boksi lake la makava, kwa herufi kubwa, huku akilalamika namharibia mali:

TATU BINTI MFAUME. KATUNGA NA KUIMBA YEYE.