Pini ya Kijiko

Bibi yangu alitoka kusini akaja kuishi nasi chumba kimoja, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Uzeeni mikono ilimtetemeka, akawa hawezi tena kukaza kanga kifuani. Siku moja ikamwanguka kwenye foleni ya sukari. Watu walicheka. Aliporudi nyumbani alilia bila sauti, nami nikajifanya napepeta mchele.

Pini za dukani zilikuwa zimeadimika kama sabuni. Kisha siku moja karanga tulizonunua sokoni zilikuja zimefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la zamani, wenye picha ya pini za wanawake wa kale wa Inka, huko Peru. Nilimsomea Bibi taratibu, maana nasoma taratibu. Walifunga shuka zao kwa pini ndefu za shaba au fedha, zenye kichwa kipana, na wengine walizikwa nazo.

"Hao wana akili," alisema Bibi.

Alichukua kijiko chake cha chai, tukaenda kwa fundi bati wa mtaa wa Gerezani.

"Sasa Bibi, uji utanywea nini?" fundi alimtania.

"Wewe noa tu. Kuna macho ya kutoboa kwenye foleni."

Fundi alinoa mpini ukawa kama sindano, akaponda kichwa kikawa bapa. Tangu hapo kanga ya Bibi haikuanguka tena.

"Mke mwenzangu," aliniambia siku moja, maana ndivyo alivyonitania, "nikifa wasinipeleke nimefunguka. Nifunge kwa hii."

Nikasema ndiyo.

Alifariki mvua zilipoanza. Wanawake waliokuja kumwosha waliichomoa pini. "Hii ya nani?" mmoja aliuliza. "Marehemu haendi na chuma." Nilikuwa mlangoni. Wote walinigeukia, na mdomo wangu haukufunguka. Akanitilia mkononi. "Basi chukua wewe."

Nikaanza kuivaa. Mara ya kwanza kanga ililegea sokoni. Mara ya pili ilikuwa mtaa wa Mchafukoge. Mara ya tatu ilianguka kabisa, kwenye foleni ileile, mahali palepale alipoaibika Bibi.

"Huyu karithi!" alisema mama mmoja, na wenzake wakacheka.

Niliiokota kanga. Pini ilikuwa imechoma pindo zote mbili, vilevile nilivyoiweka asubuhi. Jua lilikuwa kali, lakini chuma kilikuwa baridi kama kilichotolewa mtungini.

Kwetu wanawake hawaendi kuzika, kwa hiyo sikulijua kaburi. Kesho yake asubuhi nilikwenda makaburini, nikasimama mbali na mzee mchimba makaburi mpaka akachoka kunitazama.

"Unataka nini, binti?"

"Shikamoo, babu. Natafuta kaburi la bibi yangu, alizikwa mvua zilipoanza. Nimemletea kitu chake. Nilimwahidi, halafu nikanyamaza."

Sikuwahi kumwambia mgeni maneno mengi hivyo.

"Marahaba." Alinyoosha jembe. "Labda lile. Udongo wake unanisumbua. Naushindilia, kesho yake naukuta umeachia, hapa." Akajigusa kifuani.

Nilipiga magoti kando ya kaburi, usawa wa kifua. Ufa ulikuwa na upana wa kidole. Nilichomeka pini upande mmoja, ikielekea upande wa pili, kama mtu anayefunga kanga. Nilisukuma kidogo tu. Sehemu iliyobaki iliingia yenyewe, pamoja na kichwa.

Yule mzee alikuja, akapakanyaga kwa kisigino, mara mbili.

"Ebo," alisema. "Udongo umeshika."