Jirani Mwenye Jicho Jeupe

Nilipokuwa natengeneza sabuni za miche nyumbani, Temeke, sikuogopa ukali wa dawa zake. Niliogopa jicho la jirani. Mama huyu wa makamo, mpangaji wa chumba kilichotazamana na changu, alikuwa na jicho moja jeupe kabisa, na hakupita bila kuchungulia ndoo zangu.

"Unaanza kutia maji au soda?" aliniuliza kila mara.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea; huyu anataka kuniibia ujuzi. Na sabuni ilipogoma kuganda, sikumtafuta mchawi mbali.

Basi nikahamishia kazi chumbani, nikafunga mlango. Siku moja nikasikia kandambili zake ukumbini. Kwa haraka ya kumaliza asinione, nikamimina maji juu ya kostiki, ile soda kali ya sabuni, badala ya kutia soda kidogo kidogo kwenye maji. Ikachemka ghafla na kunirukia jicho la kulia.

Nilipiga yowe, nikatoka mbio hadi uani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akipeta mchele, akamwita mke wa fundi cherehani, mpangaji mwenzetu, aje anikamulie maziwa ya kifua jichoni. Kwetu jicho lolote likiuma dawa ni hiyo, na mama yule alikuwa ananyonyesha. Lakini jirani alinifikia kwanza. Akanikamata kisogo, akaniinamisha chini ya bomba, akanipanua kope kwa vidole.

"Niache! Mama, huyu anataka kunimaliza!"

Nikamng'ata mkono. Mama mkwe naye akamvuta kanga. Hakuachia. Mke wa fundi alipotokea na mtoto begani, jirani akamfokea arudi alikotoka. Nikazidi kuamini kwamba ananitaka nipofuke kama yeye, na niliogopa upofu kuliko kifo.

Aliniosha muda mrefu sana, kisha akaendelea kunimwagia maji ya chupa ndani ya bajaji. Hospitali nako wakaosha tena. Daktari akasema jicho litapona, kwa sababu liliwahiwa na maji mengi.

Tulikaa kwenye benchi, jicho langu limefungwa bandeji. Bado nilimshuku. Nikamuuliza amejuaje.

Alikuwa anapangusa damu pale nilipomng'ata.

"Mie nilikuwaga natengeneza sabuni Mwananyamala," akasema. "Iliponirukia, walinitia maziwa."