Viini Sita Chini ya Sahani

Ukimtembelea Gathogo nyumbani kwake Kitale, na aamue kukuandalia kile kinywaji chake cha povu, jambo la kwanza atakalofanya ni kukuonyesha yai. Ataliinua mbele ya macho yako kama mwalimu wa chekechea, aseme, "Kuna hii ndani. Utakunywa, ama nitoe?" Wageni wengine hucheka. Wengine hukunja uso na kusema basi waletewe chai. Yeye hacheki, na hamlazimishi mtu. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa mama mkwe wake, na aliipata kwa kuchelewa.

Baba yake, Mzee Mbogo, alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri akalima mahindi upande wa Moi's Bridge, na alitaka kijana wake ashike jembe. Gathogo akashika kopo la kutikisia vinywaji. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama nyuma ya kaunta ya klabu moja ya wakulima wakubwa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, akiwatikisia watu vinywaji. Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja aitwaye Wekoye, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Wekoye alimfundisha kutenga ute wa yai na kiini bila kupoteza tone. Alimfundisha kutikisa kwanza bila barafu, kwa nguvu, mpaka povu liamke, ndipo barafu iingie. "Barafu ni mgeni," alisema. "Inaingia wenyewe wakishakaa."

Somo la tatu ndilo lililokuja kumponza. Kamwe usimtajie mteja yai. "Huyo anataka povu, hataki kuku," Wekoye alimwambia. "Akikuuliza povu inatoka wapi, sema ni mkono." Gathogo akalishika neno hilo kama amri ya kanisani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye ndiye aliyekuwa kata. Wakulima wazito na wake zao waliuliza miaka nenda miaka rudi, naye akawajibu kwa tabasamu kwamba ni mkono tu. Walifurahi, wakalamba midomo, na hakuna aliyedhurika.

Mke wake ni Viola, karani wa ofisi ya kilimo, msichana wa Sirisia. Walikutana soko la Kitale, wakapendana bila kuuliza mtu, na ndoa yao ikagonga mwamba kabla hata ya kuanza. Mwamba wenyewe ulikuwa mama yake Viola, Nanyama, mjane, muumini wa kanisa la Friends, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama mpini. Pombe hakuionja. Hakutaka hata kupita karibu na nyumba inayouza. Alipoambiwa kazi ya mchumba wa binti yake alisema, "Mimi sina neno na kabila yake. Lakini mtoto wangu hawezi kupikia mtu wa baa."

Walioana hivyo hivyo. Nanyama alipokea mahari, akawabariki kwa maneno mafupi, kisha akakaa miaka kumi na miwili bila kukanyaga nyumba yao.

Kuna jambo jingine kuhusu Nanyama ambalo Gathogo alielezwa mapema sana, akalicheka kidogo, akaliweka kando. Mama huyo alikuwa hali mayai. Zamani za kwao Bukusu, kuku na mayai vilikuwa chakula cha wanaume. Wasichana wa siku hizi waliipuuza mila hiyo wakiwa na paja la kuku mkononi, na Nanyama hakuwalaumu. Yeye mwenyewe tu hakula. Alikuwa amemwahidi mama yake mzazi, na mama alikufa akijua ahadi iko. Cha ajabu ni kwamba alifuga kuku maisha yake yote. Viola na kaka yake Sifuna walisomeshwa na mayai yaliyouzwa soko la Sirisia, trei baada ya trei, na aliyeyauza hakujua hata ladha yake.

Mwaka wa 2003 Viola alijifungua binti wa pili. Wa kwanza, Ciru, alikuwa amechukua jina la mama yake Gathogo. Kwa desturi za Wakikuyu, wa pili ni wa mama yake mke, na mtoto akaitwa Nanyama. Habari zilipofika Sirisia, siku ya tatu bibi akatuma ujumbe kupitia Sifuna: angekuja kwenye ubatizo, Jumapili ya Pasaka.

Gathogo hakulala vizuri wiki ile nzima. Alipaka rangi sebule. Chupa zake zote alizifungia kwenye sanduku akalipeleka kwa jirani. Na Nanyama alipofika, amevaa gauni la samawati na kitambaa cheupe kichwani, alikuwa amebeba kikapu cha mayai, kila yai limeviringishwa ganda la hindi. Hakumpa mkwe wake mkono, kwa maana huko kwao mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Aliweka kikapu chini, Gathogo akakiokota. "Ni ya watoto," Nanyama alisema.

Baada ya ibada na chakula, wageni watano waliketi sebuleni na Nanyama. Mchana ulikuwa wa joto. Watu walikuwa wameshiba na maongezi yamelegea. Nanyama akamgeukia mkwe wake, macho yakiangalia ukuta karibu na sikio lake, akauliza kwa upole ambao Gathogo hakuutarajia, "Hii kazi yako, baba Ciru, wewe unafanyanga nini hasa? Watu wananiuliza huko nyumbani, mimi nakosa ya kusema."

Miaka kumi na miwili Gathogo alikuwa akilisubiri swali hilo. Alitaka mama mkwe aone kwamba ile si kazi ya ulevi, kwamba ni ufundi kama wa seremala. Akasema atamtengenezea kinywaji kimoja, bila hata tone la pombe. Akaingia jikoni. Kopo aliliosha mara mbili kwa maji ya moto, akamwita Viola alinuse. "Liko safi," Viola alisema, akatoka nje na sinia ya vyombo. Gathogo akakamua matunda ya pasheni na ndimu, akatia asali. Halafu akanyoosha mkono kwenye kikapu.

Hapo alikumbuka. Nataka hili lieleweke, maana yeye mwenyewe halifichi siku hizi: alikumbuka. Mkono ulisimama juu ya mayai. Lakini bila yai hakuna povu, na bila povu ile ni juisi tu, na juisi hata Ciru angeweza kutengeneza. Akajiambia kwamba ute si yai lenyewe, hauna rangi wala harufu. Akajiambia kwamba mama mkwe hatajua. Akavunja mayai sita, viini akavitia kwenye bakuli kwa ajili ya kukaangia watoto, akafunika na sahani.

Alitikisa pale pale mlangoni ili wote waone. Kopo lilipanda na kushuka mpaka bega likauma. Alipomimina, povu lilipanda juu ya glasi, jeupe na zito, likatulia. Glasi ya mama mkwe aliiweka kwenye stuli, akarudi nyuma hatua mbili.

Nanyama akanywa. Akatoa glasi mdomoni na povu limebaki juu ya mdomo wake kama sharubu, na Ciru akacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Viola, aliyekuwa anaingia kutoka nje, alisimama mlangoni. Hakuwahi kumwona mama yake akicheka mbele ya mumewe. Akaitazama glasi, akijua povu lile hutoka wapi, akamtazama mumewe. Gathogo akaangalia pembeni.

"Hii povu inatoka wapi?" Nanyama aliuliza.

"Ni mkono tu, mama."

"Basi mkono yako iko na baraka," alisema, akakomba lililobaki kwa kidole.

Gathogo anasema hajawahi kuwa na furaha kama ile, siku ya harusi ikiwemo. Furaha yenyewe haikufika hata saa mbili. Wageni walipoondoka, Nanyama alikataa kukaa kama mgeni, akakusanya glasi akazipeleka jikoni kuziosha. Maji yalisikika yakimwagika, kisha yakanyamaza. Gathogo akaingia. Mama mkwe alikuwa amesimama mezani, sahani mkononi, na bakuli mbele yake. Viini sita vilikuwa vimekaa pamoja, vyekundu karibu kama machungwa, maana kuku wake aliwalisha majani. Aliyafahamu mayai yake.

"Hii nyeupe yake ilienda wapi?" aliuliza.

Gathogo akaanza kuokota maganda ya ndimu mezani.

"Ulisema ni mkono."

"Nilisahau, mama," alisema, na hapo akawa ameongeza uongo juu ya uongo.

"Hukusahau." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilikuuliza. Ungesema ni yai, ningesema hapana, na bado tungekaa pamoja vizuri. Mama yangu alienda akijua sijawahi. Sasa nitamwambia nini?"

Alifunika bakuli tena, akajifuta mikono, akamwambia Sifuna, aliyekuja naye, watoke mapema kesho. Hakumsimulia mtu yeyote, hata Sifuna. Viola alilia usiku kucha, na asubuhi alimwambia mumewe jambo moja tu: "Hata mimi niliona, nikanyamaza. Sisi wawili tulifanya."

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini ya Gathogo yalikuja siku ile ile yakakaa kama mwenye nyumba. Alienda Sirisia mara tatu kuomba msamaha. Kila mara alipewa chai, akaulizwa mvua za Kitale zikoje na watoto wako darasa la ngapi. Alipoanza kusema lililomleta, Nanyama alisema, "Hiyo iliisha," akainuka kuangalia kuku. Afadhali angemfokea. Na kila Pasaka kikapu kilikuja mkononi mwa Sifuna, mayai yameviringishwa maganda ya mahindi, ya watoto. Mwenyewe hakuja tena. Watoto waliyala mayai hayo. Gathogo hakuweza.

Mwaka wa 2006, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, Nanyama aliugua koo. Chakula kilikataa kupita, kisha na uji ukakataa. Viola alikwenda kumwuguza. Siku ya nne akapiga simu. "Mama anasema uje," alisema. "Anasema uje na kopo."

Alifika Sirisia adhuhuri, pasheni na ndimu kwenye mfuko, kopo limefungwa kwa taulo. Chumba cha mgonjwa hakuingia, hiyo ingekuwa ni kumvunjia heshima. Aliketi sebuleni, na kati yao kulikuwa na pazia la maua.

"Baba Ciru, umefika?"

"Nimefika, mama."

"Ile ya Kitale. Niambie kila kitu iko ndani."

"Ni pasheni, mama. Ndimu. Asali." Akafungua taulo la kopo. "Na nyeupe ya yai. Ndiyo inaleta povu. Si mkono."

Kuku walisikika uani.

"Toa yai," Nanyama alisema.

Akatoa. Alichanganya vitatu vilivyobaki, akatikisa, na ilikuwa kazi ya dakika moja, maana hakukuwa na kitu cha kuamsha. Viola akaipeleka ndani na kijiko. Gathogo alisikia kijiko kikigusa glasi mara moja, mara ya pili.

"Haina povu," sauti ilisema.

"Bila yai haiwezi, mama."

"Najua." Akapumzika. Kuongea kulimchosha. "Ile ilikuwa tamu. Miaka hii yote naikumbuka. Hata nikiwa naomba, naikumbuka tu. Mimi nilikuwa nimekaa vizuri na mayai yangu, sijui kitu." Akapumzika tena. "Hukufaa kunionjesha, baba Ciru."

Viola akatoka nyuma ya pazia na ile glasi, akaiweka mkononi mwa Gathogo. Ilikuwa imepungua vijiko viwili. Gathogo akaitazama muda mrefu, halafu akainywa yote, kwa sababu hakujua aiweke wapi.