Usingizi Mzuri na Viatu Visafi

Wiki jana nilikuwa kwenye kioski cha chai Kibera, mvua imegeuza njia kuwa uji, akaingia dada mmoja mwenye mwavuli. Alisema ametumwa na watu wa afya. Afya, alieleza, si kukosa malaria tu. Ni chakula, ni usingizi, ni moyo uliotulia.

Akamgeukia mwenye kioski. “Mama, unalala vizuri?”

Mama alifunika sufuria kwanza. “Nalala.”

“Saa ngapi?”

“Watu wakilala.”

“Na ukiwa na shida, unamwambia nani?”

“Sina shida.”

“Jioni unakunywa nini?”

Vikombe vilitulia, maana huku swali hilo huulizwa na polisi tu, wakitafuta chang'aa, ile pombe haramu.

“Maji,” akasema Mama. “Ya mfereji.”

Dada akampongeza, akaenda zake. Jirani anayeuza sukuma wiki akanong'ona, “Lakini wewe hujapata usingizi tangu mzee wako afutwe kazi. Si ungemwambia tu?”

“Hukuona viatu vyake? Havina tope hata kidogo. Huyo ameletwa na gari mpaka hapo nje. Na gari ya kuleta watu huku ni ya nani, kama si ya polisi ama ya kanjo, askari wa jiji wa kubomoa vibanda?”

Kisha akainama, akaangalia miguu yangu bila haraka. Nilikuwa nimeteleza asubuhi hiyo, tope limenifika magotini. Akaniongezea chai bila kuombwa, akaanza kunieleza jinsi anavyokesha.