Mama Modemu na laini moja ya simu

Mtaa mzima ulimwita Mama Modemu, na jina hakulikataa. Mchapaji mstaafu yule alijifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, peke yake vitabuni, na waliomcheka ndio hao hao waliokuja kuchapiwa barua. Lakini siku ile, jamani, maji yalimfika shingoni.

Bintiye alikuwa amepasuliwa moyo asubuhi, nchi ya mbali, na mume wa binti aliahidi kuleta habari kwa barua pepe saa sita. Saa sita ikafika. Modemu, kile kidude cha kuingia mtandaoni kwa laini ya simu, ikapiga, ikalia kelele zake, ikapokelewa, kisha kioo cha kompyuta kikasema: umekataliwa. Akarudia. Umekataliwa! Akafungua faili la neno la siri, akaliandika upya herufi kwa herufi. Wapi! Akasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari: laini nzima, modemu nzima, anafukuzwa mlangoni tu. Hadi saa nane, akili yake ilishamzika mwanawe mara tatu.

"Si uwapigie wenye mtandao?" alisema mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini.

"Mama, fundi hampigii fundi simu!"

"Haya. Mficha uchi hazai."

Kiburi kikamshuka. Akachomoa waya wa modemu, akachomeka simu, akapiga.

"Mbona umo ndani tangu saa tano na nusu?" fundi wa kampuni alishangaa. "Akaunti moja, mtu mmoja. Wa pili hapiti."

Mama Modemu akageuka taratibu. Nyumba ile ina tundu moja la simu, na saa tano na nusu, yeye alipokwenda jikoni na mtandao wazi, kuna mtu aliyetaka kuongea na mdogo wake.

"Mama, ulichomoa waya?"

"Kidogo tu," bibi alisema. "Nikaurudisha."

Basi waya ulikatika bila kuaga, na kule kwenye kampuni mashine ilidhani bado yumo ndani. Fundi akamtoa kwenye orodha ya walio ndani, akamwambia ajaribu tena.

Akarudisha waya, modemu ikalia. Safari hii mlango ukafunguka, na barua ilikuwepo: *Mama, ameamka. Neno lake la kwanza ameuliza kama umeshakula.*

Uuuwi! Alilia kwa sauti, akacheka, akamkumbatia mama yake na waya zake zote. Tangu jana hakuwa ametia hata punje mdomoni. Akafuta machozi, akaandika: *Nimekula, mwanangu. Nimeshiba.*